Kupiga Penye Pengo

Zamani zetu Mombasa, muuza kahawa hakuwa na haja ya kunadi. Alipita Kibokoni baada ya Isha, dele la shaba mkono mmoja, makaa yakimulika chini yake, na mkono wa pili ameshika vikombe vitatu vya kaure akivigonganisha vidoleni. Kila muuza alikuwa na mlio wake. Yupo aliyegonga mara mbili upesi kisha akanyamaza, ukadhani amepotelea kichochoroni. Yupo aliyegonga mfululizo bila kupumua. Baba yangu, akiwa amekaa barazani na ameupa mtaa mgongo, alisikia tu na kusema, "Huyo siye wa jana." Na kweli alikuwa siye. Sisi watoto tulimsubiri yeyote yule, maana kikombe cha wakubwa kilifuatana na kipande cha halwa, na halwa haikuchagua umri.

Nakwambia haya ujue masikio yangu yalikotoka. Maana ninachotaka kukuhadithia ni habari ya marimba za Buganda, nawe utauliza, mtu wa Kibokoni yamhusu nini? Vuta kiti. Chai ipo, na tangawizi nimetia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa vugo. Kama hujaiona, ni ngoma ya harusi ya kina mama: kila mmoja ana pembe ya nyati mkononi na kijiti cha kuigongea, nao hupita njiani usiku kwa mwendo wa pole, wakiimba na kugonga. Nyimbo zenyewe zilikuwa na pilipili. Mwenye neno na jirani yake alilitia ndani ya wimbo, na jirani akalipata barabara. Mimi nilikuwa mbeba karabai. Kazi yangu ilikuwa kutembea mbele yao kinyumenyume na ile taa inayovuma, nyuso zao zionekane, na papo hapo nisitumbukie mtaroni. Kwa hiyo niliwaona vizuri kuliko bwana harusi mwenyewe. Asumini, udi, mafuta ya taa na jasho la leso mpya ambazo hazijapata kufuliwa, zote zilikuja puani kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hawagongi wote wakati mmoja. Safu ya mbele iligonga, safu ya nyuma ikaingia katikati yake, na hatua ya mguu ikaangukia mahali pa tatu pasipokuwa pa hawa wala pa wale. Usiku mmoja binti mmoja wa Kuze akagonga sawia na bibi. Bibi hakusimama, hakugeuka. Alisema tu, katikati ya ubeti, "Mwanangu, usinipige kichwani. Piga penye pengo." Kisha akamalizia ubeti wake.

Mwaka 1964 nikapata nafasi Makerere. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimoja wakati huo, kimegawanywa baina ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na kijana wa Mombasa alipanda gari la moshi akaenda kusoma Uganda bila kuona kwamba amekwenda ughaibuni. Mama alinifungia mahamri na samaki wa kukaanga wa kunitosha hadi Nairobi. Tulipofika Voi samaki walikuwa wamekwisha. Abiria wenzangu walikuwa watu wakarimu sana kwa chakula changu. Timboroa nilijua baridi ni nini. Jinja niliuona mto Naili, nikanyamaza kwa heshima. Na asubuhi ile Kampala ilinipokea na harufu ya udongo mwekundu uliolowa, ndizi zinazochemka, na moshi wa kuni mbichi.

Kiswahili changu, ambacho nyumbani nilikionea fahari, kule kilinitia mashakani. Kwa Waganda wengi kilikuwa lugha ya kambi na ya askari. Ukimsalimia mama wa ndizi pale Wandegeya kwa Kimvita kilichonyooka, alidhani umekuja kumkamata. Nikajifunza haraka kusema "ssebo" na "nnyabo", na bei ya ndizi ikashuka. Novemba wakaja nsenene, panzi wa kijani wanaoangukia taa za barabarani, na wenzangu wa bwenini wakawa wanawakaanga kwa vitunguu. Sitakwambia nilichofanya. Nitakwambia tu kwamba ukifumba macho wana ladha ya kitu kizuri.

Basi ilikuwa Jumamosi moja ndipo niliposikia ule mlio. Tulikuwa tumeshuka kwa miguu hadi Kitante, kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, mimi na rafiki yangu mmoja Mhaya aliyekuwa akisomea hesabu. Jumba lile halikufanana na mengine. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyelisimamia hadi 1957, alikusanya ala za muziki kutoka kila pembe ya nchi, na hazikuachwa zifie kabatini. Walikuwapo watu wa kuzipiga. Mmoja wao alikuwa marehemu Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda), ambaye watu walitoka Ulaya kuja kujifunza kwake. Gerhard Kubik wa Vienna alikuwa amekaa chini mbele yake miaka michache kabla yetu, na mengi ambayo dunia inayajua leo kuhusu muziki huu yalitokana na mikao hiyo.

Tulikuwa bado tuko nje, kwenye majani, mlio ulipotujia. Nilidhani ni mvua inayonyesha juu ya mbao. Halafu nikasikia ndani yake wimbo, mfupi, unazunguka. Halafu ndani ya wimbo ule nikasikia mwingine, wa juu, unaodokoadokoa. Rafiki yangu akasema, "Mpigaji huyu ana mikono mingapi?" Tukaingia. Walikuwa watatu. Wamekaa sakafuni, na kati yao mbao 12 zimelazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wawili upande mmoja, mmoja ng'ambo yao. Nyuso hazikuonyesha chochote. Ungewaondolea mlio, ungesema ni watu wanaotwanga kitu wakifikiria mambo mengine.

Amadinda, ndivyo inavyoitwa. Sasa ngoja nikueleze inavyotengenezwa, maana hapa ndipo uhondo ulipo. Mbao ni za mti wa lusambya. Magogo ya mgomba lazima yawe mabichi, kwa sababu ubichi wake ndio unaoiachia mbao itetemeke bila kuruka. Yakianza kukauka na kunywea unakata mengine. Baina ya mbao na mbao huchomekwa vijiti vyembamba ili zisikimbiliane. Fundi akitaka sauti ipande huchonga ncha. Akitaka ishuke huchonga tumbo la mbao kwa chini. Anachonga kidogo, anagonga, anasikiliza, anachonga tena. Unga wa lusambya unamwagika mapajani. Sauti ni tano tu kisha zinajirudia juu, na zile tano zimepangwa kwa umbali unaokaribia kulingana, si kama kinanda cha kanisani chenye hatua kubwa na ndogo. Ndiyo maana mgeni akisikia mara ya kwanza hudhani ala imeharibika. Ala haina neno. Ni sikio lake ndilo lililokuja na vipimo vya kwao.

Wa kwanza huitwa omunazi. Huyu huanza peke yake, taratibu mno, wimbo unaoonekana hauna kitu. Wa pili, omwawuzi, hukaa ng'ambo na kuingiza wake katikati ya mipigo ya mwenzake, mmoja baada ya mmoja, hata wakawa wanapokezana bila nafasi. Kila mmoja anatumia virungu viwili na kupiga sauti ile ile chini na juu kwa wakati mmoja. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu, zile nyembamba za mwisho.

Rafiki yangu, mtu wa hesabu, hakulala usiku ule. Alichukua karatasi ya mirabamraba akaziita zile sauti tano 1 hadi 5, kutoka nene hadi nyembamba. Asubuhi akanionyesha mfano aliojitungia mwenyewe. Tuseme, akasema, wa kwanza anapiga 3, 1, 4, 1, anarudia bila kuchoka. Wa pili anapiga 2, 5, 2, 3. Ukizisuka moja kwa moja unapata 3, 2, 1, 5, 4, 2, 1, 3. "Sasa," akasema, na jicho lake lilikuwa jekundu kwa kukesha, "tazama sauti nene tu, ile 1 na ile 2." Nikatazama. Zilikuwa zimekaa mahali pa pili na pa tatu, kisha pa sita na pa saba: kimya, mbili, moja, kimya, kimya, mbili, moja, kimya. Wimbo mzima, umejipanga. Lakini 1 zote ni za mtu wa kwanza, na 2 zote ni za mtu wa pili. Hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga. Na yule wa tatu, mwenye mbao mbili, kazi yake ni hiyo: kuusikiliza wimbo huo usiopigwa na mtu na kuupiga kule juu, ili hata mwenye sikio zito ausikie.

Niliitazama ile karatasi muda mrefu. Nadhani chai yangu ilipoa.

Nyimbo za kweli ni ndefu kuliko mfano wake. Zipo zinazozunguka kwa mipigo 24, zipo za 36, na zipo zenye hesabu za ajabu kama 50, ambazo mguu wako ukijaribu kuzifuata unajikuta umesimama na mguu usio wako. Na mwendo! Zikishasukwa, mipigo inaweza kupita 500 kwa dakika moja. Mikono ya kila mmoja haiendi mbio kiasi hicho. Ni nusu tu. Mbio zinazaliwa kati yao.

Tukaomba kufundishwa. Aliyetufundisha alikuwa mzee mwingine wa pale, mwembamba, mwenye kanzu iliyofifia na koti juu yake, naye hakupenda hesabu hata chembe. Rafiki yangu alipotoa karatasi yake, mzee aliikunja vizuri, akaiweka chini ya mguu wa benchi lililokuwa likiyumba. Benchi likatulia. Kisha akatuimbia. Maana kila wimbo wa amadinda una maneno yake, una kisa chake, na mpigaji anatakiwa aujue kwa mdomo kabla ya kuutia mkononi. Alimshika mtu kifundo cha mkono na kukiongoza, naye akiimba puani, na pumzi yake ilinukia ndizi kali na tumbaku.

Ugumu ulikuwa kwa wa pili. Mimi niliwekwa hapo, labda kwa sababu nilitoka pwani na hakuna aliyenijua. Unapoingia katikati ya mwenzako, kichwa chote kinakuvuta ujione wewe ndiye mwitikiaji, yeye ndiye mwenye mpigo. Ukijiona hivyo, umekwisha. Baada ya mizunguko mitatu mkono unamwangukia juu yake. Mzee alitaka niupige wangu kama ndio wimbo wenyewe, mpigo wangu uwe mzito miguuni mwangu, na yule wa ng'ambo ndiye aje katikati yangu. Naye yule wa ng'ambo alikuwa ameambiwa vivyo hivyo. Watu wawili wamekaa uso kwa uso, kila mmoja ana hakika kwamba yeye ndiye aliye katikati ya barabara, na hawagongani. Niliposhindwa, mzee alininong'oneza maneno ya Kiganda ambayo rafiki yangu alikataa kunifasiria. Lakini mimi nilikuwa nimeshayasikia nyumbani, kwa bibi, nyuma ya karabai.

Siku mkono ulipokubali, haikuwa kichwani, ilikuwa mabegani. Mwili unashuka kidogo, kiuno kinatulia, macho hayatazami mbao tena bali yanatazama kifua cha mwenzako kinavyopanda na kushuka. Unapumua anapopumua. Na hapo ndipo unapousikia ule wimbo wa tatu ukitoka usikojua, na unatamani kucheka. Mzee alikataza kucheka. Akicheka mmoja, alisema, nyumba yote inaanguka, na kweli ilianguka mara nyingi sana.

Wakati huo mambo yenyewe makubwa yalikuwa Mengo, ng'ambo ya bonde, ndani ya Lubiri, ikulu ya Kabaka Mutesa II. Kule kulikuwa na akadinda, marimba ndefu ya mbao 22 wanayoikalia watu sita. Kulikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopangwa kutoka kubwa hadi ndogo, 12 kati yake zimefungwa ngozi hata zikatoa sauti zile zile za mbao. Wapigaji wanne walizigawana hizo 12, na wawili wakashughulika na tatu zilizobaki, fito zao ndefu zikipishana hewani. Entenga haikupigwa nje ya ua wa Kabaka. Mwalimu wetu aliizungumzia kwa sauti ya chini. Mimi nimeisikia kwenye santuri tu, katika zile alizorekodi Hugh Tracey miaka ya 1950, na hata kwa mkwaruzo wa sindano nilihisi ngozi zinavyoimba. Wapigaji walitoka katika koo na vijiji vilivyorithishana kazi hiyo, wakapishana kwa zamu, baba akimkalisha mwanawe karibu.

Tarehe 24 Mei 1966 tuliamka na mizinga. Kutoka kilima cha Makerere Mengo iko karibu kuliko unavyotaka iwe siku kama ile. Waziri Mkuu wa zamani, Obote, ambaye sasa alikuwa amejitwalia urais, alikuwa amepeleka jeshi ikulu, na aliyeliongoza alikuwa Idi Amin, jina ambalo wengi wetu tulikuwa bado hatujalizoea. Mchana ikanyesha mvua kubwa sana. Baadaye tulisikia kwamba Kabaka aliruka ukuta ndani ya mvua ile akatoroka. Alifia London mwaka 1969. Ikulu iliungua. Moshi wake ulikaa juu ya mji, mzito, na mimi, mtoto wa mjini niliyezoea ngoma za harusi, nilikuwa nikiwaza jambo la kipuuzi: kwamba ngozi inaponuka ikiungua hufanana na jikoni.

Mwaka 1967 falme zikafutwa kisheria. Kwa wanasiasa hilo ni jambo la katiba. Kwa wapigaji lilikuwa na maana kwamba hapakuwa na zamu tena, hapakuwa na mahali pa kwenda. Ukiwa mpiga zumari unaweza kwenda na zumari yako. Ukiwa mmoja wa watu sita, na wenzako watano wametawanyika vijijini wanalima kahawa, una nini? Una vipande vya wimbo ambavyo peke yake havisikiki kuwa wimbo. Nilimwona mwalimu wetu mara ya mwisho kabla sijarudi nyumbani. Alikuwa akipiga na vijana wawili wapya. Koti lile lile.

Nikarudi Mombasa nikawa mwalimu wa Kiingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, gari la moshi la moja kwa moja likawa hadithi, na habari za Kampala za miaka ile ya Amin sitaki kuzitia kwenye chai. Darasani, siku za mvua wanafunzi wakisinzia, niliwagawa nusu kwa nusu na kuwapigisha madawati: hawa 3, 1, 4, 1, wale katikati. Madawati hayana sauti tano, lakini wakiyagonga pembeni, katikati na miguuni, mambo yanakwenda. Mkuu wa shule alikuja mlangoni kuuliza kama hili lipo kwenye silabasi. Nilimwambia ni mizani ya ushairi. Akaondoka ameridhika, na sijapata kujuta.

Vugo nayo ikawa inapungua polepole, bila mtu kutangaza. Harusi zikaingia kumbini, spika zikawa kubwa kuliko mlango, na pembe za nyati zikawa kitu cha kuombwa kwa mkopo kutoka nyumba moja hadi nyingine. Bibi alikufa na yake ikabaki juu ya kabati ya mjomba, imejaa vifungo na stempu.

Miaka mingi baadaye binti yangu, aliyehamia London, alinipeleka ukumbini kusikiliza kazi ya Mmarekani mmoja, Steve Reich. "Drumming" ndilo jina lake, ya mwaka 1971. "Baba, utaipenda, ni ngoma tupu," aliniambia, na mimi nikavaa tai. Watu wakaingia, mbele yao ngoma ndogo zimesimamishwa mbili mbili. Mmoja akapiga pigo moja tu. Akanyamaza. Akapiga tena lile lile, mahali pale pale. Duara lilikuwa la mipigo 12, nalo lilikuwa na pigo moja na kimya kumi na kimoja. Kisha kimya kimoja kikatolewa, pigo likawekwa. Kisha kingine. Wakaendelea kujaza mapengo hivyo, moja moja, hadi mchoro ukakamilika. Na hapo mmoja akaanza kuongeza mwendo kidogo sana, akamponyoka mwenzake, ikawa vurugu kwa muda, mpaka akatulia pigo moja mbele yake. Na humo katikati, we acha tu, nikazisikia zile nyimbo zisizopigwa na mtu. Nilimshika binti yangu mkono nikamwambia kwa sauti kuliko nilivyokusudia, "Huyo hapo!" Wazungu wakageuka.

Kilichonifurahisha zaidi ni miguu. Wapigaji wengine walitembea, bila kunyata wala kujionyesha, wakasimama kwenye marimba na kuanza kupiga mchoro ule ule kwa chini huku ngoma bado zinalia. Ngoma zikafifia, marimba zikabaki, na hukuweza kusema ilikuwa saa ngapi mmoja aliondoka na mwingine kuingia. Kisha marimba zikapokewa na vyuma vidogo vya kulia kama kengele. Zaidi ya saa nzima, kwa mchoro mmoja. Wasikilizaji, lakini, hawakutikisa hata kidole. Nilihesabu viatu vya safu yangu: vyote chini, vimetulia. Sijui walikuwa wanazuia vipi.

Tukiwa njiani binti aliniuliza kama yule bwana alitunyang'anya. Nikamwambia mambo si mepesi hivyo. Mwaka 1970 alikwenda Ghana, akajifunza ngoma za Waewe pale Legon, malaria ikamrudisha kwao mapema, na hajaficha hilo. Lakini ile michezo ya kuponyokana alikuwa ameianza kabla, kwa kanda za kurekodia na kwa piano. Ghana ilimwonyesha kwamba hayuko peke yake. Nyumbani tukajaribu ile kazi yake ya makofi ya mwaka 1972, watu wawili, viganja tu. Makofi manane ndani ya mipigo 12. Mmoja habadilishi kitu hadi mwisho, mwingine anasogea pigo moja baada ya muda, hatua 12, hadi wanakutana tena pale pale walipoanzia. Mkwe wangu alikuja jikoni kutuuliza tunampigia nani makofi.

Nimerudi Kampala nikiwa mzee, pamoja na yule Mhaya wangu, naye sasa profesa mstaafu mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Kyambogo na wenzake wameifufua entenga, wakifundishwa na watu wachache waliokumbuka. Busoga, kijiji cha Nakibembe, vijana na wazee wanapiga embaire, marimba kubwa iliyolazwa juu ya shimo la ardhi ili dunia yenyewe ivume, na sahani yao imetoka 2023 na kusikilizwa na vijana wa madisko ya Ulaya. Shuleni nako amadinda zimejaa, ila nyingi zimechongwa upya zifuate kinanda, do re mi, zipate kusindikiza kwaya. Nilizisikia kwenye shule moja. Ni safi sana. Zile hatua tano zenye kulingana hazimo.

Tulipokuwa Kitante kijana mmoja aliyekuwa na kompyuta ya mapajani alituomba tupige kidogo arekodi. Tukashuka sakafuni, shughuli yenyewe ya kushuka ikachukua muda wake, na yeye akaingia kwenye zile mbao mbili za juu. Tulipiga vizuri, kwa watu wa umri wetu. Mkono wa rafiki yangu unatetemeka siku hizi, kwa hiyo pigo lake lilikuja limechelewa kidogo, na mimi nikajikuta namsubiri, wimbo ukapata mguu wa kuchechemea ambao mzee wetu wa koti angeutukana na huku anautingishia kichwa.

Kijana akatufungulia kioo atuonyeshe. Mipigo yetu yote ilikuwa pale, vijistari vyeusi, na mistari ya kijivu imesimama nyuma yake. "Wazee, mmetoka nje ya mistari," alisema kwa adabu, akabonyeza mahali, na vijistari vyote vikaruka kila kimoja kwenye mstari wake. Akatupigia tena. Ilikuwa sisi, lakini imenyooshwa na pasi.

Nikamgeukia rafiki yangu nipate wa kunung'unika naye. Yeye alikuwa ameinamia kioo, kifaa cha sikioni amekipandisha sauti, anatabasamu. "Hivi ndivyo nilivyoiandika," akaniambia, "kwenye ile karatasi aliyoiweka chini ya benchi." Akamwomba kijana amtumie kwenye simu. Tukabishana njia nzima hadi Wandegeya, yeye akisema iliyonyooshwa ndiyo wimbo wenyewe na ile nyingine ni uzee tu, mimi nikisema maneno ambayo si ya kuandikwa. Pale Wandegeya tukasimama kula chapati iliyoviringishwa na mayai. Nilimwagiza mama wa kikaango kwa Kiswahili, na yeye akanijibu kwa Kiswahili, bei ya mgeni.